Pensheni ya Bi Mize

Mficha miaka, foleni humuumbua. Jana mlimsikia shangazi yenu akimwambia hivyo jirani anayesitasita kwenda kujiandikisha, mkaangua kicheko, kisha mkanijia mkiuliza foleni imeingiaje kwenye methali, maana wahenga hawakupanga foleni. Ni kweli. Methali hii ni changa, na aliyeisababisha nimekula mkate wa kumimina barazani kwake. Kaeni basi niwaeleze ilivyozaliwa.

Katika kijiji cha Mkungumani, kisiwani Pemba, aliishi Bi Mize binti Khatibu, mshonaji kofia. Kofia zake za viua, vile vitundu vinavyotariziwa kwa uzi kimoja kimoja, zilitafutwa na mabwana harusi wa mbali na karibu. Alikaa mjane miaka mingi, mpaka Bwana Faki, mkulima wa mihogo aliyefiwa na mkewe, akaleta posa. Mshenga alipouliza umri wa bibi harusi, Bi Mize alijibu bila kupepesa macho:

"Hamsini na tano."

Siku ile alikuwa na sitini na nne. Hakuona kwamba amefanya dhambi kubwa. Kwake ilikuwa kama kupunguza chumvi kwenye mchuzi. Bwana harusi mwenyewe, kwa maneno ya mshenga, alikuwa na sitini. Mwanamke gani anataka kuingia kwenye ndoa amemzidi mumewe umri?

Wakaoana, wakapendana. Bwana Faki alikuwa mtu wa maneno machache na utani mwingi, na Bi Mize alicheka katika ndoa ile kuliko alivyowahi kucheka maishani. Lakini ujana wa kubuni una kazi yake. Kila mwezi alijifungia chumbani akapaka nywele piko ya kuficha mvi. Magoti yakimuuma, alisema amejikwaa. Kutunga uzi kwenye sindano, alingoja mumewe aende msikitini, kwa sababu alikwisha kujisifu mbele yake kwamba macho yake ni ya msichana.

Wakati huo serikali ilikuwa ikiwapa wazee waliotimiza miaka sabini pensheni ya kila mwezi, awe mtu aliajiriwa au alilima shamba lake. Bi Mize alipofika sabini, shoga yake Bi Time, waliyesoma naye chuo kimoja cha Kurani, alimfuata nyumbani.

"Mize, twende tukajiandikishe. Mimi na wewe tulihitimu juzuu siku moja, au umesahau?"

"Punguza sauti, Time! Kwa Bwana Faki mimi nina sitini na moja. Nikijiandikisha leo, kesho sheha anajua, keshokutwa msikiti mzima unajua."

"Sasa utaanza lini kuchukua haki yako?"

"Nitakapotimiza sabini."

"Si umeshatimiza, mwenzangu!"

"Nitakapotimiza sabini za Bwana Faki."

Bi Time alihesabu kwa vidole. "Hizo utazitimiza ukiwa na sabini na tisa. Una hakika utafika?"

Bi Mize hakuwa na hakika, ila aliona heri kungoja kuliko kuumbuka. Bi Time akaenda kujiandikisha peke yake. Aliporudi kutoka kwenye malipo ya kwanza, alikuja moja kwa moja kwa shoga yake, akamshika mkono, akasema, "Mize, nenda. Nakwambia nenda, hutajuta." Alisema huku anabana kicheko. Tangu hapo, kila mwezi alirudia maneno hayo hayo na kicheko kile kile, na Bi Mize akadhani ni utamu wa fedha.

Ikapita miaka mitatu. Kilichomwamsha Bi Mize ni kofia. Bwana harusi mmoja wa kijiji cha pili aliirudisha, kwa adabu, akasema, "Bibi, naona viua vya upande huu havikulingana na vya upande ule." Bi Mize aliipeleka kofia nje kwenye jua, akaitazama kwa mbali, akaitazama kwa karibu. Kweli, mstari mzima ulikuwa umekwenda upande. Miaka arobaini ya kushona, haijapata kurudi kofia yake hata moja. Usiku ule hakula vizuri. Alihitaji miwani, na fedha ya miwani hakutaka kumwomba mume aliyeambiwa kwamba mkewe anaona kama kipanga.

Siku ya malipo ilipowadia, akavaa buibui lake mapema.

"Nakwenda Wete kununua uzi," alimwambia mumewe.

"Nenda salama. Mimi leo nina palizi, sitarudi upesi," alijibu Bwana Faki, akachukua jembe lake. Kila mwezi alikuwa na siku moja kama hiyo, ya palizi ndefu, na jioni yake alirudi na samaki mzuri, changu au kolekole, akisema mihogo imepata wateja.

Malipo yalifanyika kwenye ukumbi wa skuli. Wanawake walipanga foleni upande huu, wanaume upande ule, na mbele palikuwa na meza mbili zilizokaribiana. Wapya waliandikishwa hapo hapo. Bi Mize alijifunika mpaka yakabaki macho, akasimama nyuma ya Bi Time akitazama sakafu. Kila aliposogea hatua moja, moyo ulimrudi hatua mbili. Akakumbuka ile kofia, akasogea.

"Jina, bibi?" aliuliza binti wa mezani.

Bi Mize akalinong'ona.

"Na umri?"

Akanong'ona tena.

"Samahani bibi yangu, hii feni ina kelele. Umri ngapi?"

"Sabini na tatu," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi usiku.

"Sitini na tatu? Bado basi, bibi. Utarudi ukitimiza."

Bi Mize akaona mlango unafungwa mbele yake. Akaona miaka mingine saba ya kujificha, na kofia zinarudi moja baada ya moja. Akaifunua nikabu, akavuta pumzi.

"Sabini na tatu! Na mwezi wa Mfunguo Tano natimiza na nne!"

Ukumbi wote ukasikia. Kwenye meza ya pili, mzee mmoja aliyekuwa amebandika kidole gumba kwenye mashine ya alama aligeuka polepole, kidole bado kimeganda pale pale. Alikuwa Bwana Faki. Jembe lake lilikuwa limeegemea ukuta nyuma yake, safi, halina hata chembe ya udongo.

Walitazamana.

"Wewe si uko kwenye palizi?" aliuliza Bi Mize.

"Na wewe si uko dukani kwa uzi?"

"Bwana Faki, una miaka mingapi?"

Kabla hajajibu, kijana wa meza yake, asiyejua lolote, alisoma kwa sauti: "Faki Haji Mbwana, miaka sabini na sita. Mzee, hebu rudisha kidole, alama haijasomeka."

Bi Mize alihesabu. Sabini na sita, toa miaka tisa ya ndoa. "Kumbe uliponioa ulikuwa na sitini na saba!"

"Na wewe sitini na nne. Niliambiwa wewe hamsini na tano, nikaogopa utamkataa kikongwe."

"Niliambiwa wewe sitini, nikaogopa utamkataa bibi kizee!"

Nani alianza kudanganya, mpaka leo haijajulikana. Mshenga, Mungu amrehemu, alikuwa ameshatangulia na jawabu lake.

Kwanza alicheka Bwana Faki, mabega yakamtikisika. Bi Mize alijaribu kununa, akashindwa. Kicheko kilimtoka mpaka akashika meza. Hapo Bi Time, aliyekuwa akimwona Bwana Faki kwenye foleni ile kila mwezi na kuapishwa naye asiseme, alitupa mikono juu:

"Alhamdulillahi, nimepumua! Miaka mitatu tumbo limenivimba kwa siri! Jamani, mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha miaka foleni humuumbua!"

Ukumbi ukalipuka. Wazee waligongeana viganja, fimbo zikaanguka, na binti wa mezani akafuta machozi kwa karatasi ya serikali.

Alipotulia, alimwandikisha Bi Mize vizuri, akamweleza kwa upole: "Utaanza kupokea mwezi ujao, bibi. Ila miaka mitatu iliyopita hairudi. Pensheni inaanza pale mtu anapojiandikisha."

Hilo lilimchoma. Miaka mitatu, na kisa ni piko! Bwana Faki aliuona uso wake ukianguka, akainama karibu.

"Yako imepotea, lakini yangu umekula miaka sita. Ulidhani wale changu wametoka kwenye mihogo? Mihogo yote huliwa na kima."

Wakarudi nyumbani pamoja kwa miguu. Nusu ya njia, Bwana Faki alisema neno ambalo hakuwahi kulisema katika ndoa ile: "Bi Mize, tupumzike. Magoti." Naye akajibu, "Nilikuwa nangoja uanze wewe." Wakakaa juu ya gogo kando ya njia, wakinyoosha miguu, wakisimuliana maradhi yao kama watoto wanaoonyeshana vitu vya sikukuu.

Miwani waliinunua miwili. Kofia ya yule bwana harusi ilifumuliwa mstari ule ikashonwa upya, akaoa nayo. Bwana Faki, aliyekuwa akinyoa upara kila Ijumaa ili mvi zisipate pa kutokea, aliziacha zikaota nyeupe pe, na Bi Mize akagundua kwamba zinampendeza.

Mwezi uliofuata walitoka wameongozana kwenda kwenye malipo, mchana kweupe, na nyuma yao wakaja wapya kumi na mmoja wa Mkungumani ambao kijiji kizima kiliwajua kuwa na miaka sitini na kitu. Mmoja wao alipofika mezani akainama kunong'ona umri wake. Bi Mize akageuka nyuma, akawakonyeza wenzake, na foleni zote mbili zikamjibu kwa pamoja:

"Mficha miaka, foleni humuumbua!"