Mlango wa Sentimita Themanini

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Maana yake haihitaji mwalimu. Mvua ikishaanguka, mkulima huchukua jembe lililopo, hata kama mpini wake una fundo, akaingia shambani. Anayebaki dukani akipima mipini atakuwa na maneno mengi msimu mzima na ghala tupu mwishoni. Gerard Necel aliyajua hayo tangu utotoni, na bado alibaki dukani.

Necel alikuwa fundi mkuu wa Kulik, nyambizi iliyofungwa kwenye gati la jeshi huko Gdynia. Ilikuwa ya mwisho nchini. Nyingine tatu za aina yake zilikwisha kukatwa kuwa vyuma chakavu. Kulik nayo ilikuwa kuukuu, ikikohoa kama mzee wa tumbaku. Ikienda baharini wiki moja, hukaa karakanani miezi mitatu. Lakini ilikuwa na heshima yake. Kila baharia mpya, siku ya kwanza ya kuzama nayo, alikunywa maji ya bahari kutoka kwenye kioo cha taa, kioo kizito cha mviringo chenye umbo la bakuli, mpaka tone la mwisho, huku wenzake wakihesabu. Necel ndiye aliyekitunza kioo hicho. Alikuwa amewanywesha zaidi ya watu mia kwa mkono wake, na miongoni mwao alikuwamo Wit Budzisz, fundi wa umeme, ambaye alikikausha kioo kisha akauliza kama kuna cha pili. Tangu siku hiyo walikuwa chanda na pete.

"Mzee, hiki chuma kitatuzika," Budzisz alizoea kumwambia.

"Mpya zinakuja."

"Hata Yesu alisema anarudi."

Kweli nyambizi mpya zilikuwa zikitafutwa. Kamati ya watu tisa, chini ya Kamanda Radosław Olszta, ilikuwa imekaa miaka saba ikichagua moja kati ya tatu zilizoletwa na makampuni ya kigeni. Necel alitiwa humo awe sauti ya wale watakaolala ndani yake. Jedwali la mahitaji lilikuwa na mistari mia tatu na kumi na saba. Mmoja alitaka makombora ya kufika mbali. Mwingine alitaka injini itakayokaa chini ya maji wiki tatu bila kuvuta hewa. Wa tatu alitaka nyambizi fupi, kwa sababu bahari yao ni ya kina kifupi, na wa nne alitaka ndefu, kwa sababu ya makombora ya yule wa kwanza. Kila mtu alikuwa na sababu nzuri. Huo ndio uliokuwa ubaya wenyewe.

Necel aliwadharau. "Wanachagua kama binti wa mfalme," alimwambia mkewe Urszula, "na meno yameshawatoka."

Hatimaye siku ilifika. Waziri alisema atatia sahihi Jumatatu, iwapo kamati itampa karatasi Alhamisi. Ilikuwa Alhamisi ya mwisho kabla ya Kwaresima, siku ambayo huko hakuna ofisi isiyokula maandazi ya jamu, na mezani yalirundikwa sinia mbili. Nyambizi ya kampuni ya pili ndiyo iliyoshinda. Jambo tamu zaidi ni kwamba muuzaji aliahidi kuwaazima moja iliyokwisha kutumika, ya aina hiyo hiyo, kabla ya majira ya baridi. Mabaharia wangeanza kujifunza mara moja, na Kulik ingepumzishwa.

Watu wanane walitia sahihi. Karatasi zikamfikia Necel. Akafunua, akafunua, akasimama ukurasa mmoja.

"Afande, mstari wa mia mbili na nne."

Olszta alikuwa na sukari mdomoni. "Una nini?"

"Mlango wa dharura wa nyuma. Sentimita sitini na tano. Mtu mwenye mtungi wa hewa mgongoni hapiti hapo."

"Wa Kulik ni sitini."

"Ndiyo maana nasema. Kuna kijana alinasa katika mazoezi, tukamvuta mpaka bega likateguka. Nataka themanini."

"Umejaribu sitini na tano?"

"Sina haja ya kujaribu. Nina macho."

Kamanda alijifuta vidole kimoja kimoja. "Necel, tia sahihi. Mlango tutauzungumza nyambizi zikijengwa."

"Baadaye hiyo naijua, afande. Haiji. Mimi siweki sahihi juu ya jeneza."

"Sheria unaijua pia. Mmoja akiandika pingamizi, karatasi zote zinarudi kwa wauzaji. Siku tisini."

"Tumengoja miaka saba. Siku tisini ni kitu?"

Olszta aliegemea kiti chake. "Mababu zetu walikuwa na bunge ambalo mtu mmoja akisimama akasema 'siruhusu', kikao kimekwisha. Unakumbuka kilichowapata?"

"Majirani watatu waligawana nchi kama keki. Nilisoma. Ila wale hawakuwa wakizungumzia mlango."

Baadhi yao walicheka. Necel alichukua kalamu, akaandika pingamizi lake kwa mwandiko safi, kisha akachukua andazi. Alikuwa na furaha ya mtu aliyesema kweli mbele ya wakubwa.

Jioni alimweleza Budzisz gatini.

"Kwa hiyo ili nipate wa themanini," Budzisz alisema, "nibaki na wa sitini."

"Siku tisini tu."

"Haya. Nitajitahidi nisinenepe."

Siku ya sabini na moja, serikali ilianguka. Waziri mpya alikuja na watu wake na hamu yake. Aliivunja kamati, akaunda nyingine na kuiagiza ianze upya, mstari wa kwanza. Ahadi ya nyambizi ya kuazima ilikuwa na tarehe, na tarehe ikapita. Necel aliitwa tena kwenye kamati mpya. Alipouliza habari ya mlango aliambiwa kwamba hatua hiyo bado, kwanza waamue kama nchi inahitaji nyambizi.

Watu wa Kulik walianza kumomonyoka kama ukingo wa mto. Nahodha alikwenda kwenye meli za abiria. Mafundi walikwenda kwenye minara ya umeme wa upepo baharini, kwenye chakula kizuri na kazi isiyonuka dizeli. Budzisz naye aliitwa huko. Mkewe Bogna alikwisha kumfungia mizigo. Necel alikwenda nyumbani kwao katika mji wa Rumia, akaketi jikoni, akala supu yao na kumwomba abaki.

"Wewe ukiondoka, nani atawafundisha watu wa nyambizi mpya?"

"Mpya zipi, mzee?"

"Zitakuja. Nipe mwaka."

Bogna alisimama na mwiko mkononi. "Bwana Necel, wewe huna haya," alisema. Budzisz aliinama akaendelea kula. Kesho yake alirudi kazini.

Novemba ya mwaka wa pili, saa nne asubuhi, Kulik ilikuwa gatini ikichajiwa betri. Necel alikuwa nje, kikombe cha kahawa mkononi, aliposikia mshindo chini ya miguu yake, kama mtu amefunga mlango wa ghala. Betri zilikuwa zimelipuka; moshi mweusi ulitoka mbele. Watu wawili walichomoka kwenye mlango wa nyuma, wepesi, hawana kitu mgongoni. Wa tatu alikuwa Budzisz. Yeye alikuwa amevaa mtungi, maana alibaki nyuma kuzima umeme.

Kichwa chake kilitoka, na mkono mmoja. Kisha akanasa.

Necel alimshika mkono akavuta. Alivuta mpaka akapiga magoti. Chuma cha mtungi kiligonga ukingo wa mlango, kikagonga tena. Kwenye kioo cha barakoa waliangaliana. Budzisz alitikisa kichwa, akajichomoa mikononi mwake, akarudi chini ndani ya moshi. Humo aliuvua mtungi na barakoa. Ilichukua muda wa mtu kusema Baba Yetu mara moja, na Necel aliisema. Budzisz alipopanda tena, alipita bila shida. Alikuwa mweusi kama dohani, na kila pumzi yake ililia kama mlango wenye kutu.

Hakufa. Madaktari walisema mapafu yamebaki robo. Kulik haikuzama tena.

Miaka miwili baadaye, Alhamisi nyingine ya maandazi, kamati ya tatu, maana ya pili nayo ilivunjwa, ilimaliza kazi. Olszta, nywele zote nyeupe, alikuwa amerudishwa kuiongoza. Nyambizi ya kampuni ya pili ndiyo iliyoshinda. Karatasi zilimfikia Necel. Hakufunua.

"Mstari wa mia mbili na nne," Olszta alisema taratibu.

"Sitini na tano, afande?"

"Sitini na tano. Na ya kuazima hakuna safari hii. Ya kwanza itafika baada ya miaka saba."

Necel alitia sahihi. Miongoni mwa wote aliowanywesha maji ya bahari, wanne tu walikuwa bado jeshini, wote maofisini. Yeye mwenyewe alikuwa anastaafu Juni.

Alikwenda Rumia na boksi la maandazi na kile kioo cha taa kwenye mfuko. Budzisz alikuwa dirishani, mrija puani, mashine ikiunguruma miguuni kama paka. Bogna alimfungulia bila kumsalimu.

"Wamesaini?" Budzisz aliuliza.

"Tumesaini."

"Ipi?"

"Ile ile."

Budzisz alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Bogna alikuja akasimama nyuma ya kiti, mkono begani kwa mumewe, mpaka kikapita.

"Na mlango?"

Necel alitazama sakafu. "Sitini na tano."

Budzisz alikusanya pumzi, kama mtu anayeokota sarafu alizodondosha. Kisha akainua mkono wake mwembamba, akaunganisha vidole viwili mbele ya uso wa Necel.

"Hivi tu, mzee. Nilipungukiwa hivi. Sitini na tano ningepita, na mtungi wangu mgongoni."

Necel alikitoa kioo, akakiweka mezani kando ya maandazi. "Nilitaka ukitunze wewe."

"Nimnyweshe nani?"

Bogna alikichukua kioo, akakirudisha kwenye mfuko, akampa mfuko mkononi na kumfungulia mlango. Necel alitembea mpaka kituo cha treni, akaketi kwenye benchi, kioo mapajani. Ndani ya kioo, kwenye kitako chake, palikuwa na duara jeupe la chumvi ya miaka yote, kavu. Treni ilikuja ikaenda, naye hakupanda.

Alikuwa na sababu nzuri kuliko zote zilizosemwa mezani pale, na haikumfaa kitu. Mchagua jembe si mkulima.