Aliyemfukuza Sista Wakesho

Hapo zamani, si ile ya mababu bali zamani ya juzi tu, simu zikiwa zimeshaingia kila nyumba, alikuwako mwanamke msomi aliyeitwa Mkawasi. Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi maneno yanavyosafiri kwenye simu. Wengine husomea mito, wengine nyota. Yeye alisomea uvumi: unazaliwa wapi, unapitia kwa nani, unanenepea wapi. Alianza akiwa msichana, wenzake wa chuo wakimcheka kwamba anasomea umbea. Akaandika, akafundisha, akaitwa nchi za mbali kutoa mihadhara, hadi mvi zikamkuta ni profesa.

Kazi hiyo ilisimama juu ya kitu kimoja: watu walimwamini. Vijiji vingi vilimruhusu aingie katika makundi yao ya simu asikilize. Cha kwanza kilikuwa Kisharinyi, alikozaliwa, juu kwenye milima ya Taita. Huko walimpa sharti: "Sikiliza, lakini usiseme. Na ya kwetu usiyatoe nje." Akaapa. Akasikia ugomvi wa mashamba, akanyamaza. Akasikia ndoa zikivunjika, akanyamaza. Akasikia wanasiasa wakidanganya, akanyamaza.

Basi Kisharinyi palikuwa na zahanati, na zahanati ilikuwa na muuguzi mmoja tu, Sista Wakesho, aliyetoka mlima wa pili. Ndiye aliyezalisha, ndiye aliyechanja, ndiye aliyefunga vidonda.

Siku moja mama mmoja, Malemba, alimpeleka mwanawe mchanga kuchanjwa. Asubuhi akachanjwa, jioni akafariki. Katika kilio chake Malemba akarekodi sauti, akamtumia mdogo wake Righa peke yake: "Mdogo wangu, mtoto ametutoka. Alikuwa na homa tangu juzi, nami sikumwambia sista, niliogopa atanigombeza kwa kuchelewa. Lakini ile sindano, ile sindano ilikuwa na nini?"

Righa ndiye aliyekuwa msimamizi wa kundi la kijiji. Aliisikiliza huku machozi yakimtoka. Kulipokucha, kina mama wengine walikuwa wanajiandaa kupeleka watoto zahanati. Akaona awaonye. Akaikata ile sauti, akaiondoa habari ya homa ili dada yake asilaumiwe, akabakiza kilio na swali. Akaituma kundini.

Mkawasi alikuwa ofisini kwake Nairobi. Akaisikia ile sauti, kisha akasikia majibu. Wa kwanza aliuliza: "Sindano ilikuwa na nini?" Wa pili akasema: "Sindano ilikuwa na kitu." Wa tatu akasema: "Sista ametia kitu." Njia hiyo aliifundisha darasani. Alijua kwamba baada ya maneno namna ile huja mawe. Akaandika, "Jamani, ngojeni," akafuta. Akaandika tena, akafuta. Akakumbuka kiapo. Akakumbuka pia, na hili lilimuuma sana baadaye, kwamba katika miaka yake yote ya utafiti hakuwahi kuuona uvumi ukizaliwa mbele ya macho yake namna ile. Akaendelea kusikiliza.

Alasiri watu wakaenda kwa sista. Malemba alikuwa matangani, ametoka kuzika, akiisikia sauti yake mwenyewe kwenye simu ya kila aliyepita, nayo imekatwa. Aibu ikamfunga kinywa. Mlango wa sista ukavunjwa, godoro likatupwa nje, jiwe likampasua kipaji cha uso. Akateremka hadi mjini Voi na nguo alizovaa tu.

Zahanati ikafungwa. Haukupita muda, mwanamke mmoja, Mkamburi, akashikwa na uchungu wa uzazi. Wakamteremsha mlima kwa machela. Mama alipona. Mtoto hakufika.

Hapo Mkawasi hakuweza kuvumilia tena. Akapanda kwao, akamwomba chifu aitishe baraza, akasema yote aliyoyasikia. Righa naye akaitoa sauti nzima. Watu wakaisikiliza wakainamisha vichwa. Wazee wakaenda Voi kumwomba sista radhi. Akawapa chai, akawaambia: "Nitarudi, wagonjwa wangu hawana kosa. Lakini aje kunichukua mtu mmoja tu, yule aliyenifukuza. Kundi msiniletee. Kundi nimeshaliona."

Baraza likakaa tena.

"Waliorusha mawe tunawajua, wako kwa polisi," alisema chifu. "Sista anamtaka aliyewasukuma. Nani aende?"

Righa akasimama. "Nilikata sauti, sikatai. Lakini nilikata kumsitiri dada yangu, nikatuma kuwalinda watoto wenu. Sikumtaja sista kwa neno baya. Na mwenye sauti, aliyejua ukweli wote, alikuwapo hapa hapa kijijini."

Malemba akasimama. "Mimi niliongea na ndugu yangu, sikuongea na kijiji. Ni kweli, neno langu moja lingewazuia. Lakini mama aliyetoka kumlaza mwanawe kaburini, mnamdai neno gani?"

Watu wakamgeukia Mkawasi. Akasimama polepole. "Mimi sikusema uongo, sikukata, sikutuma. Mlitaka niape, nikaapa. Ningefungua kinywa, kila kijiji kilichoniamini kingenifungia mlango."

Mkamburi, bado mgonjwa, akauliza akiwa ameketi: "Profesa, hawa wawili hawakujua kwamba mawe yanakuja. Wewe ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na ungesema, wangekusikia?"

Vitabu vyote alivyoandika Mkawasi havikuwa na jibu hilo. "Sijui," akasema. "Sikuwahi kujaribu."

"Basi aende yeye!" mmoja akapaza sauti.

"Aende kwa kosa gani?" mwingine akajibu. "Kinywa chake si tulikifunga sisi wenyewe?"

Wakabishana hadi jua likachwa, wakatawanyika bila kukubaliana.

Usiku ule Mkawasi hakuombwa na mtu aende. Alfajiri akajitanda leso yake, akashika njia ya kuteremka Voi. Alipofika penye kona, akamkuta Malemba amesimama, amevaa nguo za msiba. Nyuma yao wakasikia nyayo: Righa. Kila mmoja alikuwa ametoka kimya, akidhani yuko peke yake.

"Rudini," alisema Malemba. "Mwana alikuwa wangu, na ukweli nilikuwa nao mimi."

"Rudi wewe, dada," alisema Righa. "Mkono uliokata ni huu."

"Rudini nyote wawili," alisema Mkawasi. "Ninyi mlikuwa gizani. Mimi nilikuwa naona."

Hakuna aliyerudi. Na sista alisema mmoja tu. Wakienda wote watatu, hilo nalo ni kundi, na mlango hautafunguliwa. Akienda asiyestahili, sista atamtazama usoni na kujua.

Haya, ninyi mlionipa masikio, nipeni na vinywa vyenu. Watatu wale wamesimama njiani na jua linapanda. Je, nani alistahili kwenda kubisha hodi kwa Sista Wakesho, na nani walistahili kurudi nyumbani?