Mbuzi wa Kabula na Vyungu Viwili

Mama mmoja alikuwa na mbuzi jike, mmoja tu, na mjukuu mchanga aliyefiwa na mama yake. Mtoto aliishi kwa maziwa ya mbuzi yule. Jina la bibi huyo ni Kabula, na mali yake nyingine ilikuwa mdomo.

Ikaja sotoka ya mbuzi. Mbuzi wakaharisha, wakakohoa, wakalala chini wasiamke. Hapo Malongo, ndugu wa marehemu mume wa Kabula, mwenye zizi kubwa kuliko yote pale kijijini, akachimba mizizi akachemsha dawa. Tusimsingizie: hakuwa tapeli, na mizizi aliijua kweli. Ila kama dawa ile ingeponya au ingeua, hilo hakulijua, na hilo ndilo alilolinyamazia. Akaweka vyungu viwili: kimoja cha dawa, kingine cha maji yaliyokorogewa udongo mwekundu yafanane nayo, ili aone mbuzi wa chungu kipi watapona. Akili hiyo, nani abishe? Akapita nyumba kwa nyumba na vyungu vyake, bonge la chumvi mkononi la kuwavutia mbuzi, akinadi: dawa, dawa, dawa ya bure. Watu wakapiga magoti kushukuru.

Sasa sikilizeni vituko. Kijiji hicho hicho, ukimletea mtu pombe, hata awe shangazi yako aliyekubeba mgongoni, hagusi kata mpaka wewe upige funda la kwanza akuone umemeza. Wenyewe wanaita kutoa sumu. Pombe wanaijua tangu utotoni, na bado wanataka uonje! Lakini dawa iliyopikwa juzi, ambayo hajaionja hata panya, hiyo wakaipokea kwa mikono miwili. Neno bure linapofusha kuliko moshi wa kuni mbichi.

Kabula peke yake ndiye aliyesema, "Shemeji, anza na mbuzi wako."

Malongo akacheka. "Wangu? Wakifa wale, shemeji, si nitakuwa nimeumia?"

Hapo ndipo mtu mwenye masikio angesimama. Wapi! Majirani wakamgeukia Kabula: mama wewe, mtu kakuletea mpaka mlangoni, unataka na kuimbiwa? Mbuzi alikuwa ameshaanza kukohoa, mtoto analia. Kabula akamshika mbuzi pembe, akamnywesha. Kumbe alichopewa kilikuwa kile chungu cha maji ya udongo mwekundu.

Mbuzi akafa. Mbuzi waliokunywa cha dawa wakapona, na Malongo akafurahi, maana sasa alijua. Akanywesha kwanza zizi lake lote. Dawa ikaisha hapo hapo. Kisha, uso mkavu, akaenda kwa Kabula kutoa asante: mbuzi wako ametusaidia sana, shemeji.

Kabula alikuwa anamnywesha mtoto uji mwepesi wa mtama, na mtoto anautema. Hakupiga kelele. Alisema, "Ungeniambia hujui, ningemleta mwenyewe, na tungekubaliana, akifa, mtoto huyu atakunywa nini."

Malongo akajibu kwamba ule ulikuwa wakati wa haraka. Haraka! Kumwambia mtu kweli kunachukua muda gani?

Leo zizi la Malongo limejaa, mbuzi wana viwele vinagusa majani. Haya, nyie wajuaji, pitisheni macho humo mseme: mbuzi wa Kabula ni yupi?