Godoro la Bi Mboni

Hapo zamani, wala si zamani sana, masika haya haya, Riziki wa Pangani alijifungua mtoto wa kike. Siku ya pili kitoto kikaanza kukoroma kifuani kama paka mzee. Mama mkwe wake, Bi Mboni, kila kikikohoa anaongeza udi. "Shetani huyo! Atoke!" Moshi mpaka mijusi wakahama!

Jirani yao Saumu, anafanya kazi maabara, akaja na mashine ndogo kama redio. Inavuta hewa, inaimulika, vumbi lenye uhai inalihesabu papo hapo.

"We binti, shetani anahesabiwa?"

"Bibi, zima udi kwanza."

Moshi ukatoka, mashine ikasoma: mia tatu, mia nane, elfu mbili! "Ukungu huu, Bibi. Mbegu zake zinaruka humu ndani, mtoto anazivuta." Akataka kuizungusha chumbani ajue zinatoka wapi, chaji ikaisha. Na umeme hakuna tangu asubuhi! Nilicheka mie!

Mjomba Shomari, mdogo wake Bi Mboni, ambaye pua yake haivumilii ukungu hata wa mkate, akasema, "Nipisheni." Akaingia kwa magoti, makalio juu. Kabatini, kimya. Kwenye pazia, kimya. Kufika kitandani: chafya saba, kofia ikaruka! Godoro la sufi.

Tukatazama chini sote. Godoro la nani? La Bi Mboni! Kazalia watoto sita hapo, kalitoa zawadi kwa mjukuu. Nani atamwambia litupwe? Mwenyewe akainuka, akaliburuta uani, akalitia kiberiti. Analia. "Lilinyeshewa. Nikaona aibu kusema."

Kitoto kikapumua. Baba mtu akaapa: "Aliyemwokoa ndiye atampa jina."

Weee! Vita!

"Bila mashine yangu mngekuwa mnafukiza mpaka leo," Saumu akasema.

"Mashine iliyozimika? Pua yangu haiishiwi chaji!" Shomari akajibu. "Aitwe Shomari."

"Wa kike huyu, mpumbavu wewe!" Bi Mboni akafoka. "Mlijua, mkanyamaza. Nani aliyechoma?"

"Na nani aliyeleta ukungu, dada?"

"Mimi! Na maisha yangu nimeyatia moto mimi. Nalala mkekani!"

Haya, kesho siku ya saba, wembe tayari, nywele zitanyolewa, na Riziki kampakata mwana asiye na jina. Nyie mnaocheka, hebu semeni: nani ampe?