Kitone na Kuvu Mwenye Vinywa Mia

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Sema wewe, sisi tuna masikio tu!

Haya, basi yatoeni pamba. Palikuwa na shamba la maharage, na shambani humo palikuwa na mharage mmoja umechanua maua, bado haujazaa hata ganda moja. Chini yake, kwenye udongo mweusi unaogusa mzizi, walikaa bakteria. Usinikodolee macho wewe, hutawaona. Ni wadogo hata punje ya chumvi kwao ni mlima. Mharage ndiye aliyekuwa mama yao, maana kila jua lilipowaka huko juu, yeye huku chini aliwadondoshea sukari mzizini: to, to, to. Nao wakalamba.

Mkubwa wao, mkubwa wa akili si wa umbo, aliitwa Kitone.

Siku moja wakasikia udongo unaachia: nyiri-nyiri-nyiri! Kuvu huyo anakuja. Kuvu hana miguu, ana nyuzi, na ncha ya kila uzi ni kinywa. Wala hatafuni. Hutema mate kwanza, kitu kikalainika, kisha akafyonza. Tfu! Fyooo! Alikuwa ameshaumaliza mharage wa jirani, mizizi yote imekuwa uji.

"Hodi, wenyewe!"

"Karibu, Bwana Mkubwa," akasema Kitone. "Shikamoo."

"Marahaba. Mko wangapi hapo?"

Bibi, kwani kuvu anaongea?

Mwanaheri, wewe mwenye kinywa kimoja hunyamazi, sembuse yeye mwenye mia! Sikilizeni swali lake, halikuwa la bure. Bakteria wale walijua kupika dawa ya kuvu, kali kwelikweli, na Kuvu alilijua hilo. Akisikia ni wengi, hujikunja awe punje ngumu, dawa isimwingie, akangoja wachoke. Akisikia ni wachache, hula tu. Dawa kidogo kwake ni pilipili: huizoea, akaomba nyingine.

Chapuchapu, nduguye Kitone, akaanza kuruka. "Tupike! Tupike sasa hivi!"

"Nyamaza," Kitone akamnong'oneza. "Nusa kwanza."

Hiyo ndiyo ilikuwa mila yao. Kila bakteria hutoa kijiharufu, puu, na kila mmoja hunusa. Harufu ikiwa nyepesi, wako wachache, hakuna kupika. Ikiwa nzito mpaka kichwa kinazunguka, wako wengi, basi wote hupika kwa pamoja. Maana bakteria hana jiko wala kuni. Hupikia tumboni mwake, na kuni ni nguvu zake mwenyewe. Apikaye peke yake anajimaliza bure.

Chapuchapu akanusa. Harufu nyepesi kama mchuzi wa bahili. Akaacha kuruka.

"Tuko wachache tu, Bwana Mkubwa," akasema Kitone, "wala nguvu hatuna." Na wakati huo ilikuwa kweli tupu.

"Vizuri. Basi naanza na huu mzizi mkuu."

Kitone akaingiwa na hofu. Mzizi mkuu ukiliwa, mharage umekufa, na wao wote watakufa kwa njaa. Lakini hakurudi nyuma. "Mzizi mkuu? Huo mgumu, utakukwama kooni! Waheshimiwa huanza na vijizizi vya pembeni. Vitamu hivyo. Huu tukulainishie, uje umalizie nao."

Kisha akamgeukia mharage, sauti chini kabisa. "Mama, nimempa vijizizi vyako vya pembeni."

"Vitaniuma, mwanangu?"

"Vitakuuma sana. Lakini mzizi mkuu hataugusa. Nikishindwa, nitakufa hapahapa ulipo."

Mama akaukaza mzizi mkuu udongoni. "Haya," akasema. "Ale."

Kuvu akala. Tfu! Fyooo! Lakini mzizi ukitobolewa, sukari haidondoki tena, inamwagika: chururu! Kuvu anafyonza, na mara mbili ya anachofyonza inampita pembeni. Bakteria wakalamba, wakalamba. Na bakteria akishiba haposi wala haolewi. Hujigawa katikati, pa! wakawa wawili. Pa! wakawa wanne.

"Mko wangapi sasa?" Kuvu akauliza.

"Tuko wachache tu, Bwana Mkubwa."

"Mbona nasikia minong'ono?"

"Ni tumbo lako linanguruma kwa shibe."

Kuvu akafurahi. Tfu! Fyooo! Sukari chururu, bakteria pa! pa! pa! Mama Mharage akauma meno kwa maumivu, majani yake ya chini yakageuka manjano, lakini hakulia. Kitone alimsikia akijizuia, na moyo ukamchoma.

"Mko wangapi sasa?"

"Tuko wachache tu, Bwana Mkubwa."

"Mbona nasongwa huku na huku?"

"Umenenepa, Bwana Mkubwa! Si unaona ulivyopendeza?"

Kuvu akacheka mpaka nyuzi zikatikisika. "Sasa nipeni mzizi mkuu!" Akatandaza nyuzi zake zote kuuzunguka, vinywa wazi vyote mia, hakuna hata kimoja kilichojikunja.

Kitone akanusa. Lo! Harufu nzito, kichwa kinazunguka.

"Kwani mko wangapi hasa?" Kuvu akauliza, mate yakimtoka.

"Sasa nitakwambia kweli," akasema Kitone. "Hatuhesabiki. Ndugu zangu, pikeni!"

Chwe-chwe-chwe! Kila tumbo likachemka. Dawa ikatoka huku, ikatoka kule, ikajaa kila tundu la udongo. Kuvu akataka kujikunja, atajikunjaje naye ameshajitandaza? Ncha za nyuzi zikaanza kupasuka: pwa! pwa! pwa! Ukapona uzi mmoja tu, ukakimbilia gogo lililooza nje ya shamba. Mkiukuta huko, msiusalimie.

Bakteria wakashangilia. Chapuchapu akapaza sauti, "Msiache! Tuwamalize kuvu wa dunia nzima!"

"Zimeni," akasema Kitone.

"Tuzime? Na tunashinda?"

"Gusa mzizi. Dawa yetu imeanza kumuunguza Mama. Na wewe jitazame ulivyokonda, huna hata nguvu ya kujigawa. Adui ameondoka. Zimeni, nasema!"

Chapuchapu akanung'unika, lakini akazima. Wote wakazima, udongo ukapoa.

Mharage ule ulipona, lakini uliinamia upande mmoja mpaka mavuno. Uliinama hivyohivyo, ukazaa maganda, kila ganda limejaa.

Hadithi yangu imeishia hapa mzizini. Aliyeisikia aichukue, aliyesinzia akaipalilie kesho kwa jembe.

Na funzo, maana najua hamtalala bila funzo: uongo ni mbaya, wajukuu zangu. Mkubwa akikuulizeni, mwambieni ukweli siku zote. Ila hakikisheni kwanza mmekuwa wengi.