Fungu la Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla Simba hajajua aibu (kama siku hizi anaijua), palikuwa na mjane mmoja, Nguchiro. Alilima mtama, na aliwaongoza wawindaji wawili, Simba na Fisi, mpaka penye nyama. Bila yeye wangepotea hata njia ya kisimani.

Mila ya msako ilikuwa hivi: wawindaji huchukua walichokamata, kiongozi hupata kilichobaki chini. Miaka kumi, kilichobaki chini kilikuwa kwato na manyoya.

Mwaka ule misako ilimlia Nguchiro msimu mzima wa kulima. Mawingu yakatanda, shamba lake bado gumu kama jiwe. Na amri ya Simba ilijulikana: shamba ambalo halijalimwa mvua ya kwanza ikidondoka, ni lake.

"Mzee, nipe siku tatu nilime," Nguchiro akaomba.

Simba akapiga miayo. "Kesho tunawinda, mama."

"Shamba nitapewa mimi, nijenge," Fisi akachekelea.

Nguchiro aliangalia jembe lake lililochakaa, kisha akaangalia kucha za wale wakubwa. Kucha nzuri. Hazijawahi kufanya kazi.

Asubuhi akawapeleka moja kwa moja shambani kwake, akalaza sikio chini.

"Shh. Muhanga, ndani ya shimo. Mnene, hata kupumua kwake kwa shida."

"Mbona sisikii kitu?" Fisi aliuliza.

"Utasikia nini, shemeji, zaidi ya tumbo lako? Mzee Simba amemsikia."

"Zamani sana," Simba akasema haraka. "Amepiga chafya."

"Eh, kweli," Fisi akadakia. "Mara mbili."

Basi wakachimba. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Amekimbilia mpakani," Nguchiro akasema. "Mfuateni kwa mstari, asipenye. Sasa anarudi. Mstari mwingine, mzee, hapo pembeni."

Kwaru, kwaru. Kufikia alasiri shamba zima lilikuwa tifutifu, na Simba ulimi nje. Tone la mvua likamwangukia puani. To!

"Muhanga yuko wapi?"

"Ametoroka. Msako umekwisha."

Fisi akainuka, matope mpaka masikioni. "Haidhuru. Shamba tumelilima sisi, ni letu."

"Mmelima?" Nguchiro akashangaa. "Mzee Simba, na ukubwa wote huo, umeshinda ukilima? Nikawaambie majirani?"

Simba akavimba. "Nani kalima? Mimi nilikuwa nawinda."

"Ahaa. Basi ulikuwa msako. Mmekamata nini?"

Simba akatazama kucha zake: matope matupu.

"Chukueni hicho mlichokamata. Kilichobaki chini ni changu."

Nguchiro akafungua mfuko wa mbegu kiunoni, akainama, akaanza kupanda.

"Samahani, mzee, sogea kidogo. Umekanyaga mstari wangu."

Ndiyo hivyo, wanangu: anayejifanya kusikia asichokisikia atashinda akiwalimia wenzake bure.