Mguu Mmoja wa Sultani Nasibu

Hapo zamani, katika mji wa Mwangaleni, alitawala Sultani Nasibu bin Haidari, na asichanganywe na Haidari baba yake, kwa maana baba alikuwa na akili. Jikoni mwa jumba lake palikuwa na maskini mmoja, Feruzi wa Makame, mnyonyoaji wa kuku. Ujira wake, kwa desturi ya mji ule, ulikuwa miguu ya kuku aliowanyonyoa. Nyama ilikwenda kwa wakubwa, na miguu ikaenda kwa Feruzi, mkewe Mwanasiti na watoto wao saba, nao hawakuwa na kitoweo kingine.

Basi kila alasiri Mwanasiti alipika miguu ile kwa tangawizi, vitunguu saumu na pilipili mbuzi, na harufu ikapanda hadi roshani ya Sultani. Sultani, aliyekwisha kuchoka kula mapaja, akamwamuru mpishi wake mkuu, Shekue, ampikie vivyo hivyo. Shekue alijua pilau za namna kumi na mbili, lakini hakupata kugusa mguu wa kuku. Hivyo hakuubabua motoni, hakuambua ngozi, wala hakukata kucha. Sultani alipouma, ukucha ukanasa katika masharubu yake, ikawa lazima mawaziri watatu waunasue, kazi ya kwanza ya maana waliyoifanya mwaka ule.

Feruzi akaitwa.

"Ewe fukara," akasema Sultani, "umetuficha siri. Kesho utapika hapa, mbele yangu, kama mpikavyo kwenu. Kisipungue kitu, kisizidi kitu. Ladha ikitofautiana na ya kwenu, miguu yote itakuwa ya jumba, nawe utahama mji."

Sultani hakuwa ameionja hiyo ladha ya kwao. Lakini hilo halijapata kumzuia mtawala kuhukumu.

"Kisizidi kitu, Bwana wangu?"

"Hata chembe! Naapa mbele ya Kadhi."

"Kadhi na aandike," akasema Feruzi, akainama, akaenda zake.

Kulipopambazuka, Feruzi akaja na mkewe na watoto wote saba. Akamkuta Sultani ananyoosha mkono kwenye mkate wa mofa na asali, akauondoa mkate ule.

"Wafanya nini, mwendawazimu?"

"Napika, Bwana wangu. Kwetu saa hizi hatuli kitu. Nikikuachia mkate, kitu kitakuwa kimezidi."

Sultani akamtazama Kadhi. Kadhi akaitazama karatasi, akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa, huku akitafuna mkate wake mwenyewe.

Adhuhuri ikawa vile vile. Alasiri Feruzi akamletea shoka.

"Kwetu mwenye nyumba ndiye apasuaye kuni, na leo mwenye nyumba ni wewe."

Basi Sultani akapasua, kisha akapuliza moto wa kuni mbichi mpaka machozi yakamtiririka, na washairi wa baraza wakasifu jinsi moshi unavyompendeza. Mwanasiti akababua miguu, akaambua ngozi, akakata kucha, akatia pilipili. Chungu kikachemka polepole, kana kwamba kinajua ni nani anayekingoja.

Mkeka ukatandikwa. Watoto wakapewa kwanza, miguu miwili miwili. Kisha Mwanasiti na Feruzi. Sultani akanyoosha mkono.

"Ngoja, Bwana wangu. Kwetu mwenye nyumba hula kilichobaki."

"Kimebaki nini?"

"Mguu mmoja."

Sultani akaupokea kwa mikono miwili. Akaunyonya kidole kwa kidole, pilipili ikamtoa jasho na kamasi, akaufyonza mfupa mpaka ukawa mweupe, kisha akalamba mchuzi viganjani, mbele ya baraza zima.

"Je, Bwana wangu," akauliza Feruzi, "ladha imetofautiana na ya kwetu?"

Sultani akainua macho, akawaona wale watoto saba, waliokwisha kumaliza, wanaukodolea macho mfupa wake. Akauweka chini.

"Haikutofautiana," akasema. "Andika, Kadhi: miguu ni ya mnyonyoaji, daima, na kila siku aongezewe kuku mzima."

Kisha akamsogelea Feruzi, akanong'ona: "Huko jikoni hapana nafasi ya mnyonyoaji wa pili?"

"Ipo, Bwana wangu. Ila watakuuliza ulikuwa ukifanya kazi gani hapo kabla."

Sultani akacheka mpaka akapaliwa na pilipili. Nasi tumemaliza, aliyekula na anawe.